Tezi za kifua zikivimba: namna sindano inatenganisha kansere na tebe

Katika Kisangani na majimbo ya mashariki, mtu mwenye kukohoa muda mrefu anafikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu, yenye watu wengi wanaita tebe. Kufikiri hivyo ni haki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni moja kati ya inchi 30 zenye Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) limeandika kwenye liste ya inchi zenye mzigo mkubwa wa tebe.

Lakini kuko wagonjwa wenye picha yao ya kifua inaonyesha doa kwenye pafu moja, na tezi zimevimba katikati ya kifua. Inaweza kuwa tebe. Inaweza pia kuwa kansere ya pafu yenye imekwisha kufika kwenye tezi. Kwa macho, picha hizo mbili zinafanana. Chenye kinazitenganisha ni kipande kidogo cha nyama ya tezi, chenye kinatolewa kwa sindano na kuangaliwa kwenye labo.

Kukosea hapa kunaumiza pande mbili. Mgonjwa mwenye kansere anaweza kumeza dawa za tebe miezi 6, na wakati huo kansere inaendelea. Mwingine ana kansere ndogo yenye ingeweza kuondolewa kwa operesheni, lakini anaambiwa "imekwisha kutawanyika", kumbe tezi zake kubwa ni za tebe ya zamani. Na kuko familia zenye zinauza kiwanja kwa kumpeleka mgonjwa ngambo ya mpaka afanyiwe operesheni, wakati tezi za upande wa pili zilikuwa tayari na kansere, na operesheni haingemsaidia.

Tezi za kifua ni nini?

Tezi hizi, zenye waganga wanaita ganglio, ni vinundu vidogo kama maharage. Ziko mwili mzima: shingoni, kwapani, kwenye kinena, tumboni na kifuani. Kazi yao ni kuchuja maji ya mwili na kukamata vijidudu. Mtoto akiwa na kidonda cha mguu, tezi ya kinena inavimba. Ndiyo vile pia pafu likiwa na ugonjwa, tezi za kifua zinavimba.

Kifuani zimejipanga kufuata bomba la hewa. Zingine ziko kandokando ya bomba hilo, upande wa kuume na wa kushoto. Zingine ziko chini ya njia panda, pale bomba linagawanyika kwenda kwa kila pafu. Zingine ziko kwenye mlango wa pafu lenyewe. Waganga wamezipa namba ili wasikilizane, hata wakiwa inchi mbalimbali: tezi za kando ya bomba ni namba 2 na 4, za chini ya njia panda ni namba 7, za mlango wa pafu ni 10 na 11. Ripoti ikisema "4R", maana yake ni namba 4 ya upande wa kuume. "4L" ni ya kushoto.

Kansere ya pafu ikianza kutembea, mara nyingi inapita kwenye tezi hizi. Kwa hiyo kujua tezi gani imeguswa ni kujua kansere imefika wapi.

Hatua za N: kutoka 0 mpaka 3

Namna ya kupima hatua ya kansere inaitwa TNM. Iliwazwa na munganga Mfaransa, Pierre Denoix, katika miaka ya 1940. T ni ukubwa wa kansere yenyewe, N ni tezi, M ni kama imekwisha kwenda mbali, kwa mfano kwenye ini, mifupa ao ubongo. Kwa tezi, namba zinasomwa hivi:

- N0: hakuna tezi yenye kansere.
- N1: kansere iko kwenye tezi za ndani ya pafu ao mlango wa pafu lile lile lenye kuwa mgonjwa.
- N2: kansere imefika tezi za katikati ya kifua, upande ule ule, ao chini ya njia panda. Toleo la 9 la TNM, lenye lilianza kutumika mwaka 2025, linagawanya N2 mara mbili: kundi moja la tezi (N2a) ao makundi zaidi ya moja (N2b).
- N3: kansere imefika tezi za upande wa pili wa kifua, ao tezi za juu ya mfupa wa bega, karibu na shingo.

Namba hizi ndizo zinaonyesha njia ya matunzo. Kwa aina za kansere ya pafu zenye kuonekana zaidi, kwenye N0 na N1 operesheni inaweza kuwa njia ya kuponya, kama mgonjwa ana nguvu na pumzi ya kutosha. Kwenye N2, mara nyingi waganga wanachanganya dawa za kansere, mionzi, na kwa wagonjwa fulani operesheni. Kwenye N3, kwa kawaida operesheni haifanywi. Matunzo ni dawa na mionzi. Kuko pia aina ya kansere yenye seli ndogo, yenye kukimbia sana. Hiyo inatunzwa zaidi kwa dawa na mionzi.

Kwa nini picha haitoshi

Skaneri ya kifua inaonyesha ukubwa wa tezi. Tezi yenye upana wake mfupi unapita milimita 10 inahesabiwa kuwa kubwa. Lakini ukubwa si kansere. Tebe inaweza kuvimbisha tezi. Maambukizo mengine ya pafu pia yanaweza. Na tezi ya milimita 7 yenye inaonekana ya kawaida inaweza kuficha seli za kansere.

Utafiti mwingi uliofanywa inchi za nje unaonyesha vile: katika watu 100 wenye tezi zao za kifua zina kansere kweli, skaneri inatambua takriban 55 tu. Na katika watu 100 wenye tezi zao hazina kansere, skaneri inawashuku bure karibu 20. Pale tebe ni nyingi, ni rahisi kufikiri kwamba watu wa kushukiwa bure wanaweza kuwa wengi zaidi.

Kuko mashine nyingine yenye nguvu, PET, yenye inaonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi. Nairobi, kwa mfano, ina mashine hizo. Kansere inakula sukari nyingi, lakini tezi yenye tebe inayofanya kazi pia inaikula. Ndiyo maana hata kisha PET, tezi yenye kuwaka inapaswa kuchomwa sindano mbele ya kumwambia mgonjwa kwamba operesheni haiwezekani.

Kuanza na chenye kiko karibu

Mbele ya kuwaza mashine za mbali, munganga mzuri anaanza na mikono yake. Anagusa shingo, na zaidi kile kishimo cha juu ya mfupa wa bega. Kama kuko tezi ngumu pale, kazi inaweza kuwa rahisi: tezi hiyo inachomwa na sindano nyembamba, kama ile ya kutoa damu, bila usingizi na bila mashine kubwa. Seli zinawekwa juu ya kioo na kutumwa labo. Ikiwa ni kansere ya pafu, jibu moja linatoa vitu viwili: jina la ugonjwa na hatua yake, kwa sababu tezi ya pale ni N3.

Vilevile kama kuko maji kati ya pafu na mbavu. Maji hayo yanatolewa kwa sindano kupitia mgongoni. Seli za kansere ya pafu zikionekana ndani yake, ugonjwa uko hatua ya 4, na hakuna haja ya kumsumbua mgonjwa na sindano ya katikati ya kifua kwa kutafuta hatua.

Kanuni ni hii: kuchoma kwanza pale kwepesi zaidi, na penye jibu lake linaweza kuonyesha hatua ya juu zaidi. Ni kanuni ya ulimwengu mzima, na inafaa sana mji kama Kisangani, kwani mara zingine inamwepusha mgonjwa safari ndefu.

Sindano kupitia bomba la hewa

Kama shingo ni safi na hakuna maji, tezi za katikati ya kifua ndizo zinabaki. Zamani njia kubwa ya kuzifikia ilikuwa operesheni ndogo, mediastinoskopi, yenye Eric Carlens wa Uswidi alieleza mwaka 1959. Mgonjwa analazwa usingizi, ngozi inakatwa kidogo juu ya mfupa wa kifua, na munganga anashuka na bomba lenye taa mpaka kwenye tezi. Njia hiyo ingali inatumika.

Njia ya sindano ilianza pia zamani. Mwaka 1949, Schieppati wa Argentina alieleza namna ya kuchoma tezi ya njia panda kupitia ndani ya bomba la hewa. Katika miaka ya 1960, Mjapani Shigeto Ikeda alileta bronkoskopi laini, waya yenye taa inayopita kooni na kupinda. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, Ko-Pen Wang, kule Baltimore, Marekani, aliendeleza sindano ya kupita ndani ya waya hiyo. Lakini alikuwa anachoma bila kuona tezi, kwa kufuata ramani ya mwili tu.

Badiliko kubwa lilikuja mwanzo wa miaka ya 2000, wakati Wajapani waliweka ekografi ndogo kwenye ncha ya bronkoskopi. Wengi wanajua ekografi kwa wamama wenye mimba. Hapa ni mashine ya namna ile ile, ndogo sana, na iko ndani ya bomba la hewa. Inaonyesha tezi nyuma ya ukuta wa bomba, inaonyesha pia mishipa mikubwa ya damu ili isichomwe. Munganga anaona sindano ikiingia ndani ya tezi. Kipimo hiki kinaitwa EBUS. Sindano yake haifiki milimita moja kwa unene.

EBUS inafikia tezi namba 2, 4, 7, 10 na 11. Ekografi yenye kupita bomba la chakula inafikia tezi zingine za chini, namba 8 na 9. Tezi namba 5 na 6, karibu na mshipa mkubwa wa moyo upande wa kushoto, ni ngumu kufikiwa kwa njia hizi. Mara nyingi zinaombwa kwa operesheni.

Siku ya kipimo

Mgonjwa anakuja bila kula, kwa kawaida saa 6 mbele. Mwenye anameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi anapaswa kusema mapema, siku nyingi mbele, na asiache dawa mwenyewe bila munganga. Vilevile mwenye kisukari, pumu ao ugonjwa wa moyo.

Koo linapuliziwa dawa ya ganzi. Kisha mgonjwa anapewa dawa ya kumtuliza, ao usingizi kamili, kufuatana na lopitali. Waya inapitia mdomoni. Munganga anaanza na tezi za upande wa pili wa kansere (N3), kisha za katikati (N2), na mwisho za karibu na kansere (N1). Utaratibu huu una sababu: akianza na tezi yenye kansere, sindano inaweza kubeba seli mpaka tezi safi, na mgonjwa ataandikiwa hatua yenye si yake. Kila tezi inachomwa walau mara 3. Kazi nzima inachukua kati ya nusu saa na saa moja.

Mgonjwa wengi wao wanarudi nyumbani siku ile ile. Kukohoa na kutema damu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Matatizo makubwa, kama damu nyingi, hewa kutoroka nje ya pafu ao maambukizo, ni machache, lakini yako. Homa, maumivu makali ya kifua, pumzi kukatika ao damu yenye kuongezeka ni sababu ya kurudi lopitali mara moja.

Sindano moja, chupa mbili

Katika inchi yenye tebe nyingi, sindano ya tezi inapaswa kujibu maswali mawili: je, ni kansere? Je, ni tebe? Na hapa kuko kosa lenye linaweza kuharibu kazi yote: kuweka nyama yote ndani ya formoli.

Formoli inahifadhi nyama kwa ajili ya anapati, labo yenye inatafuta kansere. Lakini formoli inaua mikrobe ya tebe, kwa hiyo kuiotesha haiwezekani tena, na kipimo cha GeneXpert kinaharibika. Sehemu ya kutafuta tebe inawekwa kwenye chupa safi yenye serumu ya chumvi, bila formoli, na inapelekwa haraka. OMS inakubali GeneXpert kwa nyama ya tezi tangu mwaka 2013. Kwa saa chache inaonyesha kama mikrobe iko, na kama inakataa dawa ya rifampisini. Kongo iko na programu ya taifa ya kupigana na tebe (PNLT), na dawa za tebe zinatolewa bure.

Kwa hiyo ni vizuri familia iulize mbele ya kipimo: "Mmetayarisha chupa mbili?" Swali hilo halimtukani munganga.

Jibu la "hakuna kansere" linasomwa namna gani?

EBUS yenye kufanywa vizuri inatambua kansere ya tezi karibu mara 9 katika 10. Inabaki ile moja. Kwa hiyo jibu lenye kusema "hakuna seli za kansere" linapaswa kusomwa na akili. Kama labo imeona tebe wazi, jibu linaeleweka, lakini lile doa la pafu bado linafuatwa, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na tebe na kansere pamoja. Kama labo imeona seli za kawaida za tezi, hilo ni jibu la kutosha kwa wengi. Kama labo imeona damu tu, tezi haikufikiwa, na kipimo kinahesabiwa kama hakikufanywa. Na kama picha inatia mashaka makubwa lakini sindano haikuona kitu, mediastinoskopi inaweza kuombwa mbele ya operesheni ya pafu.

Kutoka Kisangani

Safari ya mgonjwa inaanzia karibu: santere ya afya ya mtaa, kisha lopitali kuu ya zone yake, iwe Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo ao Lubunga, na Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani (CUKIS). Hapo kazi ya kwanza ni kupima makohozi, kufanya picha ya kifua, kugusa shingo na kutoa maji kama yako. Hakuna moja ya hatua hizo yenye inaomba EBUS.

EBUS si ya kila lopitali. Inaomba mashine ya bei kali, munganga mwenye amefundishwa, na labo ya anapati yenye kusoma vioo. Ndiyo maana wagonjwa wanaelekezwa miji mikubwa: Kinshasa kwa ndege ao kwa mto, ao Kampala kwa barabara ya Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni na Kasindi. Kampala ina Taasisi ya Kansere ya Uganda, yenye ilifunguliwa Mulago mwaka 1967. Rwanda ina kituo cha Butaro tangu 2012, na matunzo ya mionzi yalianza Kanombe, Kigali, mwaka 2019.

Mbele ya kuuza kitu, familia iulize kwanza kama mashine inafanya kazi. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi kwa inchi nzima; iliharibika mwaka 2016, na mpya ilianza kazi mwaka 2018. Wagonjwa wenye walifika katikati ya miaka hiyo walikuta matunzo ya mionzi hayako.

Mara zingine nyama inaweza kusafiri pahali pa mgonjwa. Nyama ya formoli ikiwekwa ndani ya parafini inakaa miaka, na vioo vyenye rangi pia. Mgonjwa mwenye anasafiri abebe sidii ya skaneri, si karatasi ya ripoti tu. Abebe pia barua ya munganga, jibu la makohozi, na vioo ao bloki ya parafini. Asipovibeba, kule atarudishwa mwanzo na kulipa mara ya pili.

Dalili zenye hazingoji

Kikohozi cha kupita wiki 2 kinapimwa tebe. Kukohoa damu, kukonda bila sababu, sauti yenye kukauka kwa wiki nyingi, ao uso na shingo kuvimba vinaomba munganga haraka. Sauti kukauka inaweza kuonyesha kwamba tezi za kushoto zinabana mshipa wa sauti. Uso kuvimba, kwamba mshipa mkubwa wa damu unabanwa. Na mwenye anatunzwa tebe bila mikrobe kuonekana, akifikisha miezi 2 bila nafuu, dosie yake inapaswa kufunguliwa upya.

Maswali ya kumuuliza munganga

- Tezi gani ni kubwa, na ziko upande gani?
- Mmegusa shingo? Kuko tezi ya kuchoma hapa hapa?
- Makohozi yamepimwa na GeneXpert?
- Sindano ikifanywa, jibu litabadilisha matunzo namna gani?
- Nyama itaenda labo gani, na itarudi kisha siku ngapi?
- Tukisafiri, tubebe nini?

Swali la nne ndilo kubwa. Kama mgonjwa amedhoofika sana na jibu lolote halitabadilisha matunzo, kumwacha apumzike na kumtunza maumivu kunaweza kuwa vizuri kuliko kumchoma. Lakini kama operesheni inazungumzwa, ao tebe ingali inashukiwa, uamuzi usifanywe juu ya picha peke yake.